Mtambaazi, Jani na Miiko: Kuusifu Ufundi wa Ayahuaska

Ukiligeuza jani la chakruna ukalitazama upande wa chini, utaona vinundu vidogo vimejipanga kandokando ya mshipa wa kati. Ukipitisha kidole utavihisi. Wachumaji wengi wa Amazon huvitafuta vinundu hivyo kabla ya kulitia jani kapuni, kwa sababu msitu umejaa majani yanayofanana nalo, ya kijani kilekile na mng'aro uleule, ambayo hayana kazi yoyote chunguni. Mti wenyewe ni mfupi, wa kimo cha kichaka, hupenda kivuli na unyevu, na ni wa ukoo mmoja na mbuni. Wataalamu wa mimea huuita Psychotria viridis. Jamaa zake wa jenasi hiyo wapo tele hata katika misitu ya Usambara, ingawa hakuna sababu ya kumfanya mtu akawachemshe. Anayechuma kwa adabu huchukua majani yaliyokomaa na kuacha ncha changa, ili msimu ujao akute mti ungali hai.

Mmea wa pili ni mtambaazi, Banisteriopsis caapi. Huanza kama kijiti chembamba kinachotafuta mti wa kuegemea, kisha huusokota mti huo na kuupanda hadi juu kwenye jua. Baada ya miaka kadhaa shina lake hunenepa kuliko mkono wa mtu mzima. Ukilikata, utaona limegawanyika vipande vipande kuzunguka kiini, mfano wa ua lililochanua. Wapishi wa Brazil huutenga mtambaazi wenye mafundo, wanaouita caupuri, na ule ulio laini, wanaouita tucunacá. Mtaalamu wa mimea anaweza kuiweka yote miwili katika spishi moja. Mpishi anajua leo atakata upi, na kwa nini.

Mimea hii ikipikwa pamoja kwa moto wa muda mrefu hutoa kinywaji cha kahawia iliyokoza, kichungu, kizito, ambacho nchini Peru hujulikana kwa jina la ayahuaska. Anayekinywa huona njozi kwa saa nne hivi au zaidi, na mara nyingi hutapika. Washipibo-Konibo wa mto Ucayali, Waashaninka, Wahuni Kuin na mataifa mengine mengi ya Amazon ya magharibi wamekitumia kutafutia chanzo cha maradhi, kutibia, na kuzungumza na ulimwengu usioonekana kwa macho. Mimi sijawahi kukinywa, na makala hii haimwaliki mtu kukinywa. Kilichonivuta miaka yote ya kuyasoma mambo haya ni ufundi wake. Habari nyingi zinazotufikia huanza pale kikombe kinapofika mdomoni. Yanayotangulia kikombe ndiyo yanayokifanya kiwe dawa, na hayo ndiyo ninayotaka kuyasifu. Ukiyaondoa, inabaki kemia yenye nguvu kubwa mikononi mwa mtu asiyejua aifanyie nini.

Kemia hiyo iliwasumbua wanasayansi kwa muda mrefu. Jani la chakruna lina kitu kiitwacho DMT. Ukilichemsha peke yake na kunywa maji yake, hakuna utakachokiona, kwa kuwa tumboni na kwenye ini kuna kimeng'enya, monoamini oksidasi, kinachoivunjavunja DMT kabla haijafika kwenye ubongo. Mtambaazi una harmini na jamaa zake, ambazo hukizuia kimeng'enya hicho kwa saa kadhaa. Mtambaazi humfungulia jani njia. Mwaka 1984 Dennis McKenna na wenzake walichapisha majaribio ya maabara yaliyoonesha jinsi uzuiaji huo unavyotokea. Harmini yenyewe ilikuwa imeshajulikana Ulaya tangu karne ya 19 kutokana na harmali, ule mmea ambao mbegu zake huchomwa Uajemi kufukizia nyumba na kuondoa husda. Lakini kuyaunganisha mambo mawili, mtambaazi huu na jani lile, katika msitu wenye makumi ya maelfu ya aina za mimea, ni kazi iliyofanywa na watu wa Amazon wenyewe, bila darubini.

Waliifanya lini, wanazuoni bado wanabishana. Mwaka 2019 zilichapishwa habari za mkoba wa ngozi uliokutwa katika pango la Cueva del Chileno, kusini-magharibi mwa Bolivia, wenye umri wa miaka kama 1,000. Ndani yake mlikuwa na kipochi kilichoshonwa kwa ngozi za pua za mbweha watatu, na uchunguzi ulikuta alama za harmini na DMT, pamoja na za koka. Hilo halithibitishi kwamba mwenye mkoba alikipika kinywaji hiki. Linatuonesha mtu wa kazi maalumu, aliyekuwa na mimea ambayo haikuota jirani na pango lake. Msomaji wa huku kwetu, anayejua maana ya kurithi mkoba wa uganga, ataelewa mara moja kwamba mkoba kama ule haukuwa wa mtu wa kubahatisha.

Ukiwauliza waganga wa Amazon wao walijuaje, wengi watakuambia kuwa mimea iliwafundisha. Mtafiti wa Kolombia Luis Eduardo Luna aliliandika jambo hilo mwaka 1984 kutokana na mazungumzo yake na waganga wanne wa eneo la Iquitos, Peru. Kwao baadhi ya mimea ni walimu, na mwanafunzi huenda kukaa chini yao. Mtu anaweza kulikataa dai hilo. Hata hivyo, na atazame linamtaka mwanafunzi afanye nini: aujue mmea tangu mche hadi mbegu, ajue hukua wapi na hukataa wapi, ajinyime, anyamaze, asubiri. Hiyo ni nidhamu ya uchunguzi, hata kama lugha yake si ya maabara.

Upishi wenyewe hauna maneno mengi. Mtambaazi hukatwa vipande vya urefu wa mkono hivi, hukwanguliwa uchafu na ukoga wa nje, kisha hupondwa mpaka nyuzi zake ziachane. Chunguni hutandikwa tabaka la mtambaazi, tabaka la majani, tena mtambaazi, tena majani, mpaka juu. Maji humiminwa yafunike, moto huwashwa, na kazi ya siku nzima huanza. Maji yakishapungua huchujwa, makapi huongezwa maji mengine na kuchemshwa tena, kisha maji yote hukusanywa na kupunguzwa kwa moto mpaka kibaki kiasi kidogo kilichokolea. Kwa Washipibo mpishi huupulizia mchanganyiko moshi wa mapacho, ile tumbaku kali ya msituni, na huuimbia kabla haujapata moto.

Yote hayo mtu anaweza kuyaandika kwenye karatasi, na bado asiwe mpishi. Moto ukiwa mkali kupita kiasi, kinachokauka chini huungua na kuharibu chungu kizima. Ukiwa dhaifu, kuni zinaisha na kinywaji kingali maji. Mpishi husoma povu, harufu, na jinsi tone linavyoteleza kwenye kijiko. Anakumbuka mtambaazi huu ulikuwa na umri gani, ulikatwa wapi, na majani yalichumwa saa ngapi. Maabara zilizopima vinywaji vya namna hii zimekuta tofauti kubwa ya nguvu baina ya chungu na chungu, hata pale mimea ilipokuwa ya aina moja. Kwa hiyo hakuna kipimo cha kikombe kinachofaa kila mahali. Anayekijua kipimo ni yule aliyekipika, na yeye pia huonja kwanza kabla ya kumpa mwingine.

Katika jumuiya za Santo Daime nchini Brazil upishi huo huitwa feitio, na ni ibada ya siku kadhaa. Wanaume hukaa safu mbili wakitazamana, kila mmoja na kigogo mbele yake na nyundo ya mti mkononi, wakaponda mtambaazi kwa mapigo yanayolingana, mara nyingi tangu kabla ya alfajiri. Wanawake huchambua majani, jani moja moja, wakiyafuta vumbi na kuondoa yaliyooza au kuliwa na wadudu. Kuna nyimbo, na kuna saa za kunyamaza. Anayesimamia moto haachi zamu yake kwa mtu asiyejua. Maji yaliyotoka chungu cha kwanza humiminwa juu ya mtambaazi na majani mapya, yakachemka upya. Wenye kazi hiyo husema kwamba ugomvi na mawazo mabaya huingia chunguni. Mtu asiyeamini hivyo bado anaweza kuona faida yake: kila aliyeshika nyundo ameilinda kazi kwa mikono, kwa ulimi na kwa tabia.

Hata hivyo, kwa waganga wa Peru kupika ni sehemu ndogo ya elimu. Sehemu kubwa ni miiko. Anayetaka kuwa mganga huenda kukaa peke yake katika kijumba cha msituni na kuchagua mmea mmoja wa kujifunza, labda bobinsana inayoota kando ya mito, labda ajo sacha yenye harufu ya kitunguu saumu. Huinywa dawa ya mmea huo, na kwa muda wote huo hali chumvi, hali sukari, hali mafuta, nyama ya nguruwe wala pilipili, hanywi pombe na halali na mtu. Chakula chake ni ndizi za kupika na samaki mdogo aliyechomwa au kuchemshwa. Hukaa hivyo kwa wiki, kwa miezi, na wengine hurudia kwa miaka, mmea baada ya mmea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama kunachukua sehemu nzima ya ujana wa mtu.

Anachokipata huko ni wimbo. Washipibo na waganga wa machotara huziita nyimbo hizo ikaro, na kila mmea uliofungiwa miiko huhesabiwa kuwa umempa mwanafunzi wimbo wake. Usiku wa tiba taa huzimwa. Mganga hunywa, wagonjwa hunywa au hawanywi, kwa kuwa zamani katika vilinge vingi aliyekunywa alikuwa mganga peke yake, ili aone ugonjwa wa mwenzake. Kisha huimba. Huimba kwa sauti ya juu nyembamba au kwa kunong'ona, akapita kwa mgonjwa mmoja mmoja, akibadilisha wimbo kufuatana na anachokiona. Mgonjwa akielemewa na hofu, wimbo hubadilika kumtuliza. Wengine hutikisa kichala cha majani makavu kwa mwendo usiokatika. Njozi za watu huelekezwa na sauti hiyo. Mtu akichukua kinywaji akamwacha mwimbaji, amechukua dawa akamwacha mganga, halafu atashangaa kwa nini gizani hakuna anayemshika mkono.

Serikali ya Peru iliutambua ufundi huu mwaka 2008 ilipotangaza kuwa elimu na matumizi ya jadi ya ayahuaska kwa jamii za asili za Amazon ni urithi wa taifa. Inafaa kusoma tangazo hilo kwa makini: linaitaja elimu, na linataja wenyewe. Mwaka 2016 ikaro za Washipibo-Konibo nazo zikatangazwa urithi. Wimbo ulipewa heshima yake, kama dawa ilivyopewa.

Historia ya Brazil ina jina ambalo Mwafrika hawezi kulipita haraka. Raimundo Irineu Serra alikuwa mtu mweusi mrefu sana, mzaliwa wa Maranhão, aliyezaliwa miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa Brazil mwaka 1888. Alikwenda Acre, mpakani mwa Peru na Bolivia, miongoni mwa maelfu ya vijana waliofuata kazi ya kugema mpira. Huko msituni alikutana na kinywaji hiki, akajifunza, na mwaka 1930 akaanzisha mjini Rio Branco jumuiya iliyokuja kuitwa Santo Daime. Mwenzake kutoka Maranhão, Daniel Pereira de Mattos, naye mtu mweusi, alianzisha jumuiya ya Barquinha mwaka 1945. Mwaka 1961 José Gabriel da Costa, mgema mpira aliyetoka Bahia, alianzisha União do Vegetal. Hawa walikuwa maskini wa mashamba ya mpira, mbali na mji na mbali na hospitali. Waliupokea ufundi wa wenyeji wa msitu, wakauweka pamoja na watakatifu wa Kikatoliki na imani zilizovuka bahari pamoja na babu zao, wakautungia kanuni, sare, ratiba na tenzi. Hakuna anayeweza kusema waliuchukua kwa wepesi. Waliujengea nyumba.

Serikali ya Brazil nayo ilitoa somo. Mwaka 1985 mtambaazi uliwekwa katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku. Iliundwa kamati, wajumbe wake wakaenda kuwaona wanaokitumia kinywaji, wakaangalia familia zao, kazi zao na mwenendo wao, na marufuku ikaondolewa. Mwaka 2010 baraza la taifa la sera za dawa za kulevya lilitoa mwongozo: kinywaji kitumike kwa ibada, kisifanywe biashara, kisitangazwe, na mgeni anayetaka kushiriki ahojiwe kwanza kuhusu afya yake. Ndicho ninachokiita uchunguzi wenye adabu. Walikwenda kutazama kabla ya kukata shauri la mwisho.

Miongoni mwa wageni waliofika Amazon kwa uvumilivu, ninayemheshimu zaidi ni Richard Spruce, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza. Aliishi Amerika ya Kusini miaka 15, tangu 1849 hadi 1864. Mwaka 1852, katika mto Uaupés, alialikwa kwenye sherehe ya watu wa Tukano na akapewa kikombe cha kinywaji cha mtambaazi. Hakuishia kueleza yaliyompata. Aliutafuta mmea ukiwa na maua, akauelezea katika maandishi yake, akaupa jina la kisayansi lenye jina la wenyeji ndani yake, caapi, na akatuma Uingereza vipande vya shina ili vichunguzwe. Vipande hivyo vilikaa katika bustani ya mimea ya Kew zaidi ya karne. Mwaka 1969 Richard Evans Schultes na wenzake walichapisha matokeo ya kuvichunguza: vilikuwa bado vina kemikali za mtambaazi. Spruce huyohuyo ndiye aliyekusanya Ekuado, mwaka 1860, mbegu na miche ya mti wa kwinini iliyopelekwa India. Mti wa kwinini ni wa ukoo wa mbuni na chakruna, na ulioteshwa pia Amani, katika Usambara, enzi za Wajerumani. Mgeni mmoja makini, akiandika anachokiona na kutaja alichokipata kwa nani, anaweza kuwafaa watu wasiomjua hata kwa jina.

Na kuna njia nyingine ya kuuendea mmea. Mwaka 1986 Mmarekani Loren Miller alipewa hataza nchini mwake juu ya aina ya mtambaazi huu aliyodai ni mpya. Watu wa Amazon walipojua, shirikisho lao COICA liliipinga, na mwaka 1999 ofisi ya hataza ya Marekani ikaifuta. Mwaka 2001 ikarudishwa, ikaendelea kuwa hai hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2003. Mzee wa Ucayali aliyepanda mtambaazi nyuma ya nyumba yake, kwa kipande alichopewa na baba yake, alikuwa mbali na ofisi hizo. Lakini anajua jambo ambalo hataza haikuuliza: mmea huu hupandwa kwa kipande kinachotoka mkononi mwa mtu, na huyo mtu ana jina, ana mwalimu, na ana deni la shukrani.

Kuusifu ufundi pasipo kutaja hatari zake ni kuwadanganya watu, na wajuzi wenyewe ndio wa kwanza kuonya. Kwa sababu mtambaazi huzuia kimeng'enya nilichokieleza, mtu anayetumia vidonge vya kutibu sonona anaweza kupatwa na sumu ya serotonini, hali inayoweza kuua. Wenye maradhi ya moyo, na wale ambao wao au ndugu zao wa karibu wamewahi kupata maradhi ya akili ya kupoteza uhalisia, wamo hatarini zaidi. Kuna wapishi wanaoongeza toé, mmea wa jenasi ya Brugmansia wenye maua makubwa yanayoning'inia. Toé ni jamaa wa mnanaha, na sumu zake ni za namna ileile. Aliyewahi kuona mtu aliyekula mnanaha hahitaji maelezo zaidi. Sheria nayo haina utani. DMT imo katika orodha kali kabisa ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na kila nchi huamua yenyewe itakichukuliaje kinywaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliikubalia União do Vegetal mwaka 2006 ikitumie katika ibada zake, lakini ruhusa ya ibada nchini Marekani au ya jadi nchini Peru haimlindi msafiri katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine.

Hospitali pia zimeanza kuchunguza. Huko Natal, Brazil, watafiti waliwapa wagonjwa 29 wenye sonona isiyosikia dawa ama ayahuaska ama kinywaji cha kulinganishia, na matokeo yakachapishwa: baada ya siku saba waliopata ayahuaska walikuwa na nafuu zaidi. Idadi ni ndogo, na mtu asikimbilie kutangaza tiba. Kinachonifurahisha ni uangalifu wao. Kinywaji cha kulinganishia walikitengeneza kiwe cha kahawia, kichungu, chenye ukakasi, kikatiwa zinki kidogo ili kichafue tumbo, mgonjwa asiweze kukisia kirahisi amepata kipi. Mpishi wa Ucayali angeutambua ukali huo wa kazi, ingawa chungu ni kingine.

Afrika ina elimu ya jinsi hii, na iko karibu zaidi nasi. Nchini Gabon waumini wa Bwiti hutumia gome la mizizi ya iboga katika jando la siku kadhaa, wakisimamiwa na wazee wanaojua kiasi, ngoma na dalili za mtu anayezidiwa. Iboga inaweza kuusimamisha moyo, kwa hiyo usimamizi huo si mapambo. Serikali ya Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, baada ya watu wa mbali kuanza kuitafuta kwa ajili ya kutibu uraibu. Tanzania ilianza kuchunguza dawa za asili kwa utaratibu huko Muhimbili mwaka 1974, na ikapata Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Katika vijiji vyetu kuna wazee ambao hawachimbi mzizi bila kuufukia upya, ambao wanajua mti gani hutolewa gome upande mmoja tu ili usife, na ambao humuuliza mgonjwa maswali mengi kabla ya kutaja dawa. Tunawaita waganga wa miti shamba, halafu mara nyingi hatuwaulizi kitu mpaka wamezikwa pamoja na elimu yao.

Hapo ndipo Amazon inapotufundisha jambo la kutumia. Washipibo wameweza kuitetea ayahuaska kwa sababu hawakuiacha ibaki kinywaji. Waliihifadhi pamoja na miiko yake, nyimbo zake, majina ya walimu, na utaratibu wa kumfanya kijana astahili. Pale mganga alipowekwa kando na kinywaji kikauzwa kwa wageni wenye haraka, yametokea madhara, vimetokea vifo, na mtambaazi wa porini umezidi kuwa adimu kandokando ya miji inayopokea watalii. Pale utaratibu ulipobaki, watu wanapanda mitambaazi mipya leo wakijua kuwa watakaoivuna huenda ni watoto wao.

Heshima kwa ufundi wa namna hii inaweza kupimwa kwa maswali. Nani aliyepika, na alijifunza kwa nani? Mmea ulipandwa au ulinyakuliwa msituni? Kiasi kinaamuliwa vipi, na nani anakaa macho usiku? Mgonjwa aliulizwa nini kabla? Fedha inakwenda wapi? Mganga wa kweli hukasirishwa na haraka, wala hakasirishwi na maswali haya, kwa kuwa naye aliulizwa yaleyale na mwalimu wake. Asiyeweza kuyajibu, hata akiwa na mavazi na manyoya, hana cha kumpa mtu.

Kwa sisi tulio mbali na Ucayali, kazi ya kwanza haihitaji tiketi ya ndege. Yupo bibi au babu wa karibu anayejua mti fulani unachimbwa msimu gani, unapikwa kwa maji kiasi gani, na nani asipewe. Tukamwendee tukiwa na daftari na adabu, tumwandikie jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, na turudi tena mwaka unaofuata. Tukishajua kukaa chini ya mwalimu huyo, tutaweza kuwaelewa hata wale wa Amazon, na tutajua kwa nini kwao kikombe huja mwisho, na kwa watu wengi hakuna haja kije kabisa.